Saa 31,412 kwenye diski niliyoambiwa ni karibu mpya

Kompyuta ya kwanza niliyoiunga kwa mikono yangu ilikufa nikiwa nimebakiza dakika kumi na moja za video. Mimi ni mhariri wa video, na kazi ile nilitakiwa niikabidhi asubuhi. Skrini ikazimika, ukasikika mlio mmoja mkavu, "tak", kutoka nyuma ya kasha, kisha ikaja harufu. Si ile ya plastiki kuungua. Hii ni kali, ina uchachu, inakaa kooni. Nikachomoa waya ukutani, nikakaa sakafuni nikiitazama ile mashine muda mrefu kabla sijathubutu kufungua kifuniko.

Fundi aliyenifundisha mengi ya vifaa hivi alipima kipuri kimoja kimoja. Pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme kwa vipuri vyote, imekufa. Madabodi, bodi kuu inayoviunganisha, imekufa. Diski yenye mradi wote imekufa. Prosesa, ubongo wa mashine, nzima. RAM, kumbukumbu yake ya muda, vijiti vyote viwili, vizima. Akaniuliza, "Dada, hii pawa saplai uliichukua mpya?" Nikamwambia hapana, nilipata iliyotumika, nikaona bora niokoe hela niziongeze kwenye kadi ya michoro. Hakunigombeza. Aliiacha ikae siku kadhaa bila umeme, akahakikisha kwa mita kwamba haina chaji, ndipo akaifungua anionyeshe: kapasita mbili, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimevimba vichwa, ya tatu imepasuka na kuacha utando wa kahawia kwenye bodi. Wewe usijaribu kufungua ya kwako. Pawa saplai huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa, na yule ni mtu aliyesomea umeme.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu kila wiki naulizwa swali lilelile: "Hela ni kidogo, ninunue vipya au vilivyotumika?" Kwa mimi niliyekaa sakafuni siku ile, swali hilo limekaa vibaya. Ninachojiuliza sasa mbele ya kila kipuri ni hiki: kikifa, kinakufaje? Kinakufa peke yake, au kinaondoka na wenzake? Kinatoa dalili, au kinanyamaza hadi siku ya mwisho? Naweza kukijaribu mbele ya muuzaji nikajua hali yake, au uzee wake umejificha? Ukishajibu hayo, upya na ukuukuu vinajipanga vyenyewe.

Pawa saplai inashindwa maswali yote matatu. Kapasita za ndani zina kimiminika ambacho hukauka taratibu kwa joto, na kanuni inayojulikana kwa mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Kwa hiyo pawa saplai mbili za umri mmoja, moja iliyokaa kwenye kasha lenye hewa na nyingine iliyosongwa na vumbi chini ya meza, si kitu kimoja, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiiwasha dukani inawaka. Feni inazunguka. Hilo halikwambii lolote kuhusu umeme itakaoutoa siku mashine inapofanya kazi nzito. Ikikosea, kila kilichoungwa nayo kiko mstari wa mbele.

Nilipoanza upya niligawa hela yangu mafungu kumi. Mawili yakaenda kwenye pawa saplai mpya, na wenzangu wakanishangaa. Nilichukua ya wati 550, yenye dhamana ya miaka mitano kwa maandishi. Ile nembo ya 80 PLUS, ambayo mpango wake ulianza 2004, inapima ni kiasi gani cha umeme kinapotea njiani. Haipimi usalama wala uimara. Watu wengi wanaisoma kama cheti cha ubora. Mimi naangalia kwanza urefu wa dhamana, kwa sababu kampuni haitoi miaka mitano kwa kitu inachojua kitakufa mwaka wa pili. Na kama ni ile ambayo kebo zake zinachomoka, usichanganye kebo za pawa saplai moja na nyingine hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa kwenye madabodi pini ni za kawaida, lakini upande wa kwenye pawa saplai yenyewe kila mtengenezaji anapanga anavyotaka. Nimemwona mtu akichoma diski tatu kwa mkupuo kwa kebo ya kuazima.

Prosesa ni kinyume chake kabisa. Haina kitu kinachozunguka, haina kimiminika cha kukauka, na mara nyingi ama inafanya kazi ama haifanyi. Yangu ya zamani ilipitia kifo cha madabodi na bado ikawaka kwenye nyingine. Ndiyo maana prosesa ndiyo kitu cha kwanza ninachomwambia mtu anunue kilichotumika bila kusita. Tahadhari yangu moja ni Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14, zile za mezani zenye nguvu. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikiri kwamba baadhi zilikuwa zinapokea volti kubwa kuliko inavyotakiwa na kuharibika polepole, wakatoa marekebisho ya microcode, programu ya ndani ya prosesa, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayarudishi kilichokwisha kuharibika. Ukikutana na moja ya hizo, omba risiti ya kwanza na uulize BIOS, ile programu inayoamsha madabodi, ilisasishwa lini.

Prosesa za AMD, washindani wa Intel, za soketi ya AM4 (soketi ni kiti cha prosesa kwenye madabodi) zina pini chini ya prosesa yenyewe, 1,331 kwa hesabu, na nilipokea moja ikiwa na pini nne zimelala. Moyo ulinidunda. Nilichukua kalamu ya risasi ile ya kubonyeza, nikatoa risasi yake, nikavisha ncha tupu kwenye pini ya kwanza na kuinyanyua kidogo kidogo, huku nikiangalia kwa pembeni kama mtu anayechungulia meno ya kitana: zikikaa sawa unaona njia nyoofu toka mwisho huu hadi ule. Nusu saa kwa pini nne. Iliingia kwenye soketi kwa uzito wake, bila kusukumwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye madabodi mkono wangu ni mzito zaidi. Zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja mdogo usioonekana: nafasi moja ya RAM haisomi, bandari mbili za USB zimekufa, sauti ina mkwaruzo. Zile za Intel zina pini kwenye soketi ya madabodi badala ya kwenye prosesa, na pini hizo ni laini kuliko unavyofikiri. Muuzaji akikukatalia kuangalia ndani ya soketi kwa tochi, ondoka, hiyo ni mbuzi kwenye gunia. Ninachopendelea ni kununua madabodi, prosesa na RAM kwa pamoja kutoka kwa mtu mmoja anayehamia mashine mpya, zikiwa bado zimeungana na zinawaka mbele yangu. Hapo hata lile tatizo la BIOS ya zamani isiyoitambua prosesa mpya linakuwa limeshamalizwa na mwenzako. AM4 ni mfano mzuri: ilipokea Ryzen, prosesa za AMD, za kwanza za 2017, na bodi nyingi za wakati ule zilikuja kupokea hata Ryzen 5000 zilizotoka 2020, lakini baada ya kusasisha BIOS tu. Ukinunua bodi huku na prosesa kule, unaweza kufika nyumbani na vitu viwili vizima visivyofahamiana.

Sasa diski. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda.

Nilikuwa nimeona tangazo la diski ya terabaiti nne ya kuhifadhia kumbukumbu za miradi. Kijana aliyekuwa akiiuza alikuwa na adabu sana. "Dada, hii imetumika wiki mbili tu, ni karibu mpya." Nikamwomba niichomeke kwenye laptopu yangu, natembea na adapta ndogo ya USB siku zote. Nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiwekea yenyewe, ziitwazo SMART. Mstari wa saa za kuwaka ukaandika 31,412. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ile diski ilikuwa imewaka zaidi ya miaka mitatu na nusu, usiku na mchana. Nikashuka chini: sekta zilizohamishwa 48, sekta zinazosubiri 16. Maana yake diski imeshaanza kukutana na sehemu zisizosomeka, na nyingine bado inazihangaikia.

Nikamgeuzia skrini. Aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye aliambiwa wiki mbili. Nilimwamini, na hadi leo namwamini. Uongo wa diski hurithiwa kutoka mkono hadi mkono.

Na hata namba hizo zinaweza kuchakachuliwa. Mwanzoni mwa 2025 iligundulika kwamba diski kuu za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zilikuwa zinauzwa kama mpya, saa zake zimerudishwa sifuri na walaghai waliozipitisha mikononi mwao. Nyingi zilidhaniwa kutoka kwenye mashamba ya Chia, sarafu ya kidijitali inayochimbwa kwa nafasi ya diski. Kilichowaumbua ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo wao hawakuifuta. Siku hizi programu ya smartctl inaweza kuisoma kwa diski za kampuni hiyo. Saa za SMART zikisema 10 na za FARM zikisema 20,000, umeshapata jibu lako.

Kwa hiyo msimamo wangu: diski ya kuweka kazi yako nunua mpya, tena SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka, hata kama ni ndogo. Mafungu mawili mengine yakaenda huko. Diski iliyotumika ninayo moja, ya nakala ya tatu tu, yaani faili ambazo tayari ziko sehemu nyingine mbili. Kama hali inakulazimisha kununua SSD iliyotumika, tazama asilimia ya uhai iliyobaki na jumla ya data iliyokwisha kuandikwa, ulinganishe na kiwango cha TBW, yaani terabaiti inazoweza kuandikiwa maishani mwake, kilichotajwa na mtengenezaji. Halafu ijaze yote kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux, kwa sababu zipo zinazojitangaza terabaiti mbili huku ndani mna sehemu ndogo tu ya hiyo, na zinaanza kufuta faili za mwanzo ukishavuka mpaka.

Kuna jambo la diski ambalo halihusu hela. Miaka ya nyuma nilinunua moja iliyotumika, nikaichomeka, ikafunguka na folda za mwenyewe wa kwanza. Picha za mahafali. Vyeti vilivyoskaniwa. Folda yenye jina la mtoto. Nilifunga dirisha na kuifuta nzima siku hiyo hiyo, lakini nilikaa na uzito kifuani, nikifikiria ingekuwaje kama ingeangukia mikono mingine. Kufomati kwa haraka hakufuti kitu. Kunafuta orodha tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu ukaacha kurasa nyingine. Diski ya kuzunguka iandike upya mwanzo hadi mwisho. SSD itumie amri yake ya kufuta kwa usalama, kwani kuandika juu yake kwa njia ya kawaida hakufikii kila sehemu. Tafadhali, kabla hujauza, fanya hivyo.

RAM sina maneno mengi. Nunua iliyotumika, ipime kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, na kosa hata moja tu ni sababu ya kuirudisha. Vizazi vya RAM, DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani, mwanya umewekwa mahali tofauti makusudi. Mtego ni RAM za seva, zile zinazoitwa registered: zinauzwa kwa bei ya kutupa, za DDR3 na DDR4 zinaingia kwenye nafasi vizuri kabisa, na kwenye madabodi ya kawaida mashine haiwaki. Chukua vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, hasa kama unategemea michoro ya ndani ya prosesa. Na tangu mwishoni mwa 2025 ushauri huu umekuwa na uzito zaidi: viwanda vya chipu vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili bandia, RAM mpya ikapanda bei kwa kasi, na Desemba mwaka huo Micron, watengenezaji wa chipu hizo, wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya wanunuzi wa kawaida. Vijiti vyangu viwili vya DDR4 vilivyonusurika ile ajali nimevitunza kama mboni ya jicho.

Kadi ya michoro watu wanaiogopa kwa sababu isiyo sahihi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi tarehe 15 Septemba 2022, sokoni zilimwagika kadi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo, na hadi leo mtu akisikia "ilichimba" anakimbia. Mimi sikimbii. Kadi iliyochimba kwa joto la wastani, lisilopanda na kushuka, inaweza kuwa na hali nzuri kuliko iliyoteswa na michezo kwenye kasha lisilo na hewa. Kinachochoka ni feni na zile pedi laini zinazopeleka joto kutoka kwenye chipu za kumbukumbu, na vyote vinabadilishwa kwa hela kidogo. Niliyonunua, GTX 1660 Super, ilikuwa na pedi zilizokauka zikawa zinamomonyoka kama udongo. Nilipima unene wake kwa kalipa, nikaweka mpya za unene uleule na pesti mpya ya joto, na joto likashuka nyuzi 11.

Ninachokiogopa ni kadi iliyochakachuliwa: kadi ya kale iliyoandikiwa BIOS ya uongo ijitambulishe kuwa mpya. Programu ya GPU-Z inazikamata nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Upo pia udanganyifu wa nusu nusu. RX 580 kamili ina viini 2,304. Ipo nyingine iliyouzwa kama 2048SP, yenye viini 2,048, na wauzaji wengi hulimeza hilo neno la mwisho. Kwa hiyo usinunue kwa jina lililobandikwa kwenye stika. Ichomeke, iendeshe kwa mzigo mzito dakika ishirini au thelathini, sikiliza feni, tazama kama kuna vidoa au mistari kwenye skrini. Muuzaji mwaminifu hachoki dakika ishirini.

Kasha, kibodi, feni za kawaida: chochote kilichotumika na kisafi. Betri ya CR2032, ile ndogo ya madabodi, na pesti ya joto viwe vipya daima.

Kwa anayehitaji mashine ya kuandika, mahesabu na intaneti tu, labda usiunge chochote. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Matokeo yake ofisi zinatoa kompyuta nzima nzima ambazo bado zina nguvu. Zikiwekewa SSD mpya na Linux, zinakwenda miaka mingi. Jihadhari na moja: mashine hizo za ofisini mara nyingi zina pawa saplai ya umbo na plagi za kampuni yake, kwa hiyo ukija kutaka kadi kubwa utakwama. Hapo kaa kwenye kadi zisizohitaji waya wa ziada, zinazotosheka na wati 75 za nafasi ya PCIe, ile zinamochomekwa kwenye madabodi.

Bei nayo naisemea kwa mafungu. Kipuri kilichotumika kikizidi theluthi mbili ya bei ya kipya, mimi nachukua kipya, kwa sababu ile theluthi inayobaki ndiyo dhamana, na dhamana ni mtu wa kumrudia kikiharibika. Kwa mtu mwenye hela nyingi hilo ni jambo dogo. Kwa sisi ambao kipuri kikifa tunasubiri miezi kabla ya kununua kingine, mtu wa kumrudia ndiye tunayemnunua.

Mashine yangu ya pili ina miezi kumi na minne sasa. Prosesa ni ileile ya zamani, madabodi nilichukua iliyotumika kwa bei nzuri baada ya kupima nafasi zake zote nne za RAM. Leo asubuhi nimefungua CrystalDiskInfo nitazame SSD: saa 3,906, uhai asilimia 97. Siku nitakapoiuza nitaziandika namba hizo kwenye karatasi na kuibandika juu yake, pamoja na tarehe niliyoinunua na risiti.